Mto Hauna Bikoni: Namna Kona za Kinyasungwe Zinavyohama

Kila msimu wa mvua unapokoma, swali moja hurudi katika ofisi za vijiji na kata zilizo kandokando ya Mto Kinyasungwe. Mkulima hufika akieleza kuwa shamba alilorithi kwa wazazi wake limepungua. Mpaka wake ulikuwa ukingo wa mto, na ukingo huo leo haupo pale ulipokuwa. Ng'ambo ya pili umetokea mchanga mpana ambao hapo awali haukuwapo, na jirani wa huko amekwisha kupanda matikiti juu yake. Ni nani basi aliyechukua ardhi ya mwenzake?

Hakuna aliyeichukua. Mto umehama, na umehama kwa kufuata kanuni ambazo mtu yeyote mwenye macho na subira anaweza kuzielewa. Makala haya yanaeleza kanuni hizo kwa wakazi wa wilaya yetu ya Mpwapwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya hasara tunayoipata mtoni haitokani na ukali wa maji peke yake. Inatokana na mazoea yetu ya kuutazama ukingo wa mto kana kwamba ni ukuta uliojengwa, ilhali ni kitu kinachotembea.

Tuanze na mto wenyewe. Kinyasungwe hukusanya maji ya nyanda za Dodoma, Chamwino na Mpwapwa, hupita Gulwe na Godegode, kisha huingia Wilaya ya Kilosa na kuitwa Mkondoa. Mbele zaidi huungana na mito mingine na kuwa Wami, ambao humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Saadani. Udongo unaoondoka katika vilima vyetu leo unaweza siku moja kufika baharini. Hata hivyo, sehemu kubwa yake hupumzika njiani kwa miaka mingi, na kupumzika huko ndiko kunakoupa mto umbo lake.

Somo lililomo katika kikombe cha chai

Mto unaopita katika ardhi tambarare yenye udongo laini haukubali kwenda moja kwa moja kwa umbali mrefu. Kisiki kilichoanguka majini, jiwe kubwa, au kipande cha ukingo kilichoporomoka hutosha kuyasukuma maji upande mmoja. Maji yaliyosukumwa huupiga ukingo wa upande ule, huula kidogo, kisha hurudi na kuupiga ukingo wa pili mbele kidogo. Hapo kona ya kwanza imezaa ya pili, na ya pili itazaa ya tatu. Wapimaji wa mito katika nchi mbalimbali wamebaini kuwa umbali kutoka kona moja hadi nyingine inayojipinda upande uleule huwa kati ya mara 10 na 14 ya upana wa mto. Kijito chenye upana wa mita 5 hujipinda kwa hatua fupi, na mto wenye upana wa mita 60 hujipinda kwa hatua ndefu, lakini uwiano hubaki karibu uleule. Mpangilio huo hauwezi kuwa wa kubahatisha.

Linalofanyika ndani ya kona linaweza kuonekana jikoni. Chukua bakuli pana au kikombe kikubwa, tia maji na majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa, uyaache yatue chini. Koroga kwa kijiko mpaka maji yazunguke vizuri, kisha toa kijiko na utazame. Wengi hutarajia kuwa majani yatatupwa pembeni, kama abiria wanavyosukumwa upande mmoja basi linapokata kona. Badala yake majani hukusanyika katikati, chini kabisa ya bakuli. Mwanasayansi Albert Einstein, anayejulikana zaidi kwa mambo ya nuru na nyota, alilichukulia jambo hili kuwa na uzito wa kutosha kuliandikia makala mwaka 1926, na katika makala hayo alilihusisha moja kwa moja na kujipinda kwa mito.

Maelezo yake ni haya. Maji yanayozunguka husukumwa kuelekea nje. Lakini maji yaliyo chini kabisa yanasuguana na sakafu ya bakuli, hivyo mwendo wake ni wa polepole na msukumo wake wa kwenda nje ni hafifu. Maji ya juu, yenye kasi, hushinda: huenda pembeni, hugonga ukuta wa bakuli, huzama, na kuyalazimisha maji ya chini yarudi katikati. Yanaporudi hubeba majani ya chai.

Sasa weka kona ya Kinyasungwe mahali pa bakuli, na mchanga mahali pa majani ya chai. Maji ya juu hukimbilia ukingo wa nje wa kona, huuparura na kuuchimba kwenye shina lake. Maji ya chini huburuta mchanga kuelekea ukingo wa ndani, ambako mwendo ni mdogo, na huko huutua. Ndiyo sababu ukingo wa nje huwa umesimama wima kama ukuta uliokatwa kwa jembe, na maji ya hapo huwa na kina kirefu, ilhali ukingo wa ndani huteremka taratibu ukiwa na mchanga safi. Watoto wetu huogelea upande wa mchanga bila kufundishwa fizikia.

Hapa lipo jambo ambalo wengi hulikosea. Mchanga unaoonekana ng'ambo ya shamba lililoliwa kwa kawaida si udongo wa shamba lile. Sehemu kubwa ya udongo unaoporomoka kutoka ukingo wa nje haivuki mto. Husafiri na mkondo na kutua kwenye kona inayofuata, mara nyingi upande uleule ulikotoka. Kilichotua mbele yako kimetoka kwa mtu wa juu yako, na chako kimeteremka kwa mtu wa chini yako. Kwa hiyo jirani wa ng'ambo anayelaumiwa kwa matikiti yake hana udongo wa mlalamikaji. Ana udongo wa kijiji kingine.

Kona huzaliwa, hukua na hukatwa

Kwa kuwa upande mmoja huliwa na mwingine hujazwa, kona nzima husogea. Husogea kuelekea nje, yaani hupanuka na kujipinda zaidi, na wakati huohuo huteremka kufuata mwelekeo wa maji. Mahali panapoliwa kwa nguvu zaidi si katikati kabisa ya kona, bali mbele kidogo ya katikati, upande maji yanakoelekea. Mwenye nyumba iliyo upande wa nje na chini kidogo ya katikati ya kona ndiye anayepaswa kuwa na wasiwasi mkubwa kuliko wote. Aliyeko upande wa nje lakini juu ya kona anaweza hata kuona ukingo wake ukitulia baada ya miaka kadhaa, kona ikiwa imempita. Hakuna kati yao aliyefanya kosa au jambo jema. Wamesimama tu mahali tofauti katika safari ya kona moja.

Kona inayozidi kujipinda hufika mahali ikawa kama kitanzi, na shingo ya kitanzi ikawa nyembamba. Siku ya mafuriko makubwa maji huona njia ya mkato, huivunja shingo ile na kupita moja kwa moja. Kitanzi huachwa. Midomo yake miwili huzibwa na mchanga na tope, na ndani hubaki dimbwi lenye umbo la upinde. Kandokando ya Mto Tana nchini Kenya yapo maziwa ya namna hiyo, likiwamo Shakababo, ambalo wakazi huvua samaki ndani yake. Katika nchi yetu, bonde la Rufiji limejaa mabwawa na njia kuu za zamani ambazo mto uliziacha ulipohama. Lugha nyingi za Ulaya zimepata neno lao la kujipinda kwa mito kutokana na jina la mto mmoja tu, Menderes wa Uturuki, ambao tangu zama za Wayunani wa kale umekuwa ukishangaza watu kwa vitanzi vyake.

Kukatwa kwa kitanzi si mwisho wa mambo. Mto uliokuwa ukizunguka kilomita 2 sasa unapita mita 200 kuteremka kimo kilekile. Mteremko wake umekuwa mkali na kasi imeongezeka, hivyo maji huanza kuchimba sakafu ya mto upande wa juu na kumwaga mashapo mengi upande wa chini. Kingo zilizokuwa zimetulia kwa kizazi kizima huanza kuliwa. Mkazi anayeishi kilomita moja kutoka mahali shingo ilipokatika anaweza asijue kuwa shida yake ilianzia pale.

Mito yetu hutembea kwa siku chache

Vitabu vingi vya jiografia hueleza mito inayotiririka mwaka mzima. Mito ya uwanda wa kati wa Tanzania haiko hivyo. Sehemu kubwa ya Mkoa wa Dodoma hupata mvua ya kati ya milimita 500 na 700 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Mito mingi huwa mikavu kwa miezi, ikabaki njia pana ya mchanga ambamo watu huchimba visima vya kienyeji, hunywesha mifugo na hupita na baiskeli. Kisha mvua moja kubwa hunyesha juu ya vilima, na ndani ya saa chache mto unashuka kwa kishindo.

Kanuni ya kikombe cha chai haibadiliki, lakini saa yake ni nyingine. Mto wa mwaka mzima hula ukingo kidogokidogo, na mwenye shamba humwona adui yake kila siku. Mto wa msimu unaweza kutulia misimu miwili au mitatu ya mvua haba, ukamfanya mkulima asogeze mahindi yake mpaka ukingoni na kujenga kibanda cha mashine ya kusukumia maji, kisha ukahama mita nyingi katika usiku mmoja. Utulivu wa miaka mitatu si ushahidi kuwa kona imekoma kusogea. Huenda ni ushahidi tu kuwa haujawahi kuja mto wenye nguvu ya kutosha.

Jingine ni wakati wa kuporomoka. Wengi hukimbilia ukingoni kutazama mafuriko yanapopanda, na hurejea kwa furaha maji yanapoanza kupungua. Kwa kweli wakati wa maji kupungua ndio ambao ukingo huporomoka kwa urahisi. Udongo umelowa na kuwa mzito, shina lake limekwisha kuchimbwa, na maji yaliyokuwa yakiuegemeza kwa nje yameondoka. Vipande vikubwa huanguka bila mlio wa kuonya. Tunawasihi wazazi wawazuie watoto kusimama juu ya kingo zilizo wima siku moja au mbili baada ya mafuriko, hasa pale penye nyufa zinazokwenda sambamba na mto.

Aidha, mito yetu hubeba mchanga mwingi kuliko inavyoweza kuusukuma hadi mwisho wa safari. Mchanga hujaa katika sakafu ya mto, kina hupungua, na maji yakikosa nafasi ya kwenda chini hutafuta nafasi ya kwenda pembeni. Hapo mto hupanuka, hujigawa katika mikono miwili au mitatu yenye visiwa vya mchanga katikati, na kila mkono hutengeneza kona zake. Ndiyo maana mzee anaweza kukumbuka mto mwembamba wenye kina na miti mikubwa ya kivuli, ilhali mjukuu wake anaona uwanja wa mchanga.

Reli inayotusimulia historia ya mto

Asiyeamini kuwa mto huu una tabia ya kuhama na aitazame reli. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905 wakati wa utawala wa Wajerumani, ukafika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Ili kupanda kutoka tambarare za Kilosa hadi uwanda wetu wa kati, wajenzi walifuata bonde la Mkondoa na Kinyasungwe, kwa kuwa ndilo mlango uliofunguliwa na maumbile kati ya milima. Misafara ya miguu ilikuwa imekwisha kuitumia njia hiyo kabla yao. Mwandishi Henry Morton Stanley alipita katika bonde hilo mwaka 1871 akielekea Ujiji, na aliporudi mwaka uliofuata wakati wa mvua alilikuta bonde la Mkondoa limefurika.

Kufuata bonde kulirahisisha mteremko, lakini kuliiweka reli katika njia ya kona zinazotembea. Tuta la reli lililojengwa kwa usalama upande wa nje wa kona hubaki salama mpaka kona ilifikie. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 mvua kubwa zilileta mafuriko ambayo yaliharibu vibaya reli kati ya Kilosa na Gulwe. Treni zilisimama kwa miezi kadhaa, na maelfu ya wakazi wa Kilosa walipoteza makazi yao. Kipande hicho kimekuwa kikiharibika na kukarabatiwa mara nyingi, kabla na baada ya mwaka huo. Si kwamba mafundi hawajui kazi. Wanalitengeneza tuta lililosimama kando ya kitu kisichosimama.

Serikali ilipojenga reli ya kisasa, njia yake katika maeneo ya Kilosa ilipitishwa katika mahandaki na madaraja marefu. Mwananchi wa kawaida hana handaki la kukimbilia. Ana shamba, zizi, choo na pengine makaburi ya wazee wake, na vyote viko pale vilipo.

Kona ya chini huanzia mlimani

Wakazi wa Mpwapwa wana sababu ya pekee ya kulielewa jambo linalofuata, kwa maana lilipimwa hapahapa kwetu. Katika miaka ya 1930, katika kituo cha utafiti cha Mpwapwa, watafiti walitenga vipande vya ardhi yenye mteremko na kupima maji na udongo uliotoka katika kila kipande. Kipande kilichoachwa kitupu kilipoteza takriban nusu ya mvua yote iliyonyesha juu yake, ikateremka kama maji ya juu ya ardhi, pamoja na zaidi ya tani 140 za udongo kwa hekta moja kwa mwaka. Kilichopandwa mtama kilipoteza karibu robo ya mvua. Kilichokuwa na nyasi kilipoteza chini ya asilimia 2, na chenye kichaka kisicholishwa mifugo kilipoteza chini ya asilimia 1 ya maji, na udongo wake haukuondoka. Vipimo hivyo vimekuwa vikitajwa na wataalamu wa hifadhi ya udongo duniani kwa miongo mingi, na ni masikitiko yangu kuwa vinajulikana zaidi nje kuliko katika vijiji vinavyokizunguka kituo hicho.

Maana yake kwa kona za mto ni hii. Mlima uliokuwa na kichaka ukifyekwa, maji yale yale ya mvua hufika mtoni mengi na kwa haraka, yakiwa yamebeba mchanga. Maji ya ghafla huongeza nguvu ya kuchimba ukingo wa nje, na mchanga huongeza kasi ya kujaza ukingo wa ndani. Kona iliyokuwa ikisogea hatua moja husogea hatua tatu. Mkulima wa bondeni anaweza kupanda matete yote anayoyajua, lakini kama mlima unaoutazama mto wake umekuwa mtupu, anapigana na adui anayeletewa silaha kila mwaka.

Kondoa walilishuhudia hilo na kinyume chake. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kama HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililomomonyoka vibaya la Kondoa Irangi. Hatua hiyo iliwaumiza wafugaji, na si vema kuisimulia kama hadithi ya furaha tupu. Lakini nyasi na miti ilirejea, mashapo yaliyoshuka yalipungua, mito ya mchanga iliyokuwa ikitanuka ilianza kubana, na baadhi ya mahali palipokuwa mchanga mtupu pakalimwa.

Kuusoma ukingo wako

Hakuna kifaa cha gharama kinachohitajika. Kabla ya mvua, pigilia vigingi vitatu vya mti mgumu au vyuma chakavu katika mstari mmoja unaoelekea mtoni, kila kimoja hatua kumi kutoka mwenzake, na cha mwisho kiwe hatua kumi kutoka ukingoni. Andika tarehe na umbali katika daftari. Mvua zikiisha, pima tena kutoka kigingi kilichobaki. Tuseme ukingo umerudi nyuma mita 4 mwaka wa kwanza, haukusogea mwaka wa pili, na umerudi mita 5 mwaka wa tatu. Umepoteza mita 9 kwa miaka mitatu. Nyumba iliyo mita 30 kutoka ukingoni, kwa mwendo huo, ina takriban miaka 10, na mvua moja kubwa inaweza kuipunguza miaka hiyo kwa nusu. Hesabu hii haina uhakika wa saa, lakini ni bora kuliko kukisia.

Mbali na vigingi, tazama mizizi inayoning'inia ukingoni, nguzo za uzio zinazoinama kuelekea mtoni, na nyufa juu ya ukingo. Upande wa mchanga, tazama umri wa mimea. Mchanga mtupu ni wa msimu huu au uliopita. Penye matete mafupi ni pa miaka michache. Penye miti ni pa zamani. Mimea hiyo hujipanga kwa mistari inayofuata umbo la kona, na kila mstari huonyesha mahali mto ulipokuwa. Mwalimu wa jiografia anaweza kuwafundisha wanafunzi wake somo zima hapo bila kufungua kitabu, ilimradi iwe kiangazi.

Kuhusu kuzuia, ukweli ni kuwa mto haukomeshwi, hucheleweshwa. Matete, mianzi, majani ya vetiva na miti ya asili yenye mizizi ya kina hushika udongo vizuri pale ukingo usipokuwa wima sana. Ukingo ulio wima na mrefu una shina ambalo mizizi haifiki, na maji huchimba chini yake; hapo panahitaji kwanza kulazwa kwa mteremko. Kuta za mawe yaliyofungwa ndani ya nyavu za waya hufanya kazi njema zikipangwa na mhandisi. Zikiwekwa na mtu mmoja mbele ya shamba lake, hulihamishia pigo shamba linalofuata, na ugomvi huhama pamoja nalo. Kutupa taka, matawi makavu na magunia ya mchanga ukingoni husaidia kwa mvua ya kwanza, na mara nyingi ya pili huyakuta yamekwisha kusombwa hadi kwenye kalavati la jirani.

Wapo wanaopendekeza mto unyooshwe kwa trekta, kona zote zikatwe. Marekani walikata kona kadhaa za mto mkubwa wa Mississippi katika miaka ya 1930 na kuufupisha kwa zaidi ya kilomita 200. Mto uliongeza kasi, ukaanza kujipinda upya, na tangu hapo kingo zake zimelazimu kushikiliwa kwa gharama kubwa kila mwaka. Halmashauri yenye bajeti kama yetu haina uwezo wa kuanzisha vita vya namna hiyo.

Uchimbaji wa mchanga nao unahitaji neno moja. Mchanga ukichotwa katikati ya mto uliojaa, kwa kiasi na kwa kibali, madhara yanaweza kuwa madogo. Ukichotwa kwenye shina la ukingo wa nje, kwa sababu lori hufika hapo kwa urahisi, ni sawa na kumsaidia mto kuchimba.

Sheria na mipaka

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu, na nyingine zinazoweza kuathiri hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wengi huichukulia mita 60 kuwa mstari uliochorwa mara moja. Lakini ukingo ukihama, kipimo nacho huhama. Nyumba iliyojengwa mita 75 kutoka ukingoni inaweza, bila mwenyewe kuinua tofali, kujikuta mita 50. Kwa maoni ya mwandishi huyu, anayejenga upande wa nje wa kona aongeze umbali mkubwa juu ya ule wa kisheria, na anayejenga upande wa ndani akumbuke kuwa ule ni uwanda wa mafuriko, ambao mto haujausahau.

Kuhusu mipaka ya mashamba, makubaliano ya mdomo kuwa "mpaka ni mto" ndiyo chanzo cha migogoro mingi. Ni heri majirani wakubaliane kwa alama zilizo mbali na ukingo: mti mkubwa, jiwe lisilohamishika au bikoni, na makubaliano yaandikwe mbele ya uongozi wa kijiji. Mgogoro ukiwa umekwisha kutokea, Baraza la Ardhi la Kijiji, lililowekwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ndilo la kwanza kuwasuluhisha. Daftari la vigingi litakuwa na msaada mkubwa mbele ya baraza kuliko kumbukumbu za pande mbili zinazopingana.

Kazi yoyote ya kugeuza maji, kujenga ukuta mtoni au kuchepusha mkondo inahitaji idhini ya Bodi ya Maji ya Bonde husika. Kinyasungwe uko chini ya Bonde la Wami/Ruvu. Kata za kusini ambazo mito yake huelekea Ruaha Mkuu ziko katika Bonde la Rufiji. Mkazi si lazima asafiri hadi ofisi za bodi; taarifa hupokelewa na Mtendaji wa Kijiji au wa Kata na kufikishwa panapohusika.

Anayetoa taarifa ya ukingo unaoporomoka aeleze mambo manne: jina la kitongoji, upande wa kona, umbali wa ukingo kutoka nyumba au miundombinu iliyo karibu, na tarehe ya kipimo cha mwisho. Picha ya simu ikiwa na mtu aliyesimama karibu na ukingo, lakini si juu yake, huonyesha kimo vizuri. Visima vya maji, vyoo vya shule na nguzo za umeme vilivyo upande wa nje wa kona vitajwe kwanza. Wenyeviti wa vitongoji vilivyo kandokando ya mto wanaombwa vigingi viwe vimekwisha kupigiliwa kabla ya Novemba kumalizika.